Jirani wa Bandia: Namna Simu Inavyoifikisha Konsoli kwenye Seva za Nje

Mchezo wa Minecraft, ambao Microsoft iliununua pamoja na kampuni ya Mojang mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, umekuwa tangu Septemba 2017 mchezo wa itifaki moja kwa simu, kwa kompyuta za Windows 10 na kwa Xbox One, kisha Nintendo Switch ikajiunga Juni 2018 na PlayStation 4 Desemba 2019; walakini usawa huo una kasoro iliyo dhahiri kwa kila mwenye konsoli. Mwenye simu akitaka kuingia katika seva ya rafiki yake huandika anwani na namba ya poti, akabonyeza kitufe, akaingia. Ilhali mwenye konsoli hana kitufe hicho, bali huonyeshwa orodha fupi ya seva zilizoteuliwa, kama vile The Hive na CubeCraft, na hiari yake hukomea hapo.

Husemwa kwamba programu saidizi za simu, zinazomvusha mtu huyu hadi seva nyingine, huvunja kufuli la konsoli. Kauli hiyo, kwa maoni yangu, huzipa sifa na lawama zisizozistahili. Uwezo wa kusema na seva yoyote umo ndani ya konsoli tangu awali, na kilichokosekana ni kitufe tu. Kazi ya programu ni kuufikia uwezo huo kwa njia nyingine, nayo ni mtandao wa nyumbani, ambao konsoli huuamini bila kudai ithibati.

Mchezaji afunguapo ukurasa wa marafiki, konsoli hupiga mbiu: hurusha pakiti ndogo ya UDP kwa anwani 255.255.255.255, poti 19132, yaani kwa kila kifaa kilichomo katika mtandao ule, ikiuliza kama yupo aliyefungua mchezo. Pakiti hiyo ni ya RakNet, maktaba ya mawasiliano iliyo msingi wa mchezo huu, nayo hubeba alama ya baiti 16 isiyobadilika. Simu yenye programu saidizi, ikiwa katika Wi-Fi ile ile, huisikia mbiu na kuijibu kwa mstari mmoja wa maandishi uliotenganishwa kwa nukta mkato: herufi MCPE, jina la mchezo, namba ya itifaki, toleo, idadi ya wachezaji waliomo na upeo wao. Konsoli haina njia ya kupambanua kama jibu limetoka kwa ndugu aliye chumba cha pili au kwa programu iliyojitia ujirani. Hulitia jina lile katika orodha ya michezo ya mtandao wa nyumbani, na mchezaji akalichagua.

Hapo ndipo mafundi wanapohitilafiana. Baadhi ya programu hushika kazi ya uwakala, zikipokea kila pakiti kutoka kwa konsoli na kuipeleka kwa seva, na za seva kuzirudisha kwa konsoli, zisibadili kitu isipokuwa lile jibu la mbiu. Nazo hazina haja ya kufahamu yaliyomo, ambayo baada ya kuingia huwa yamefichwa kwa ufunguo wa pande mbili zile, kwa hiyo toleo jipya la mchezo haliziathiri sana. Nyingine hufanya kama mshenga ambaye, akisha kuwakutanisha wahusika, hujiondokea: huipokea konsoli, huikamilishia taratibu za kuingia, kisha huipa pakiti ya uhamisho yenye anwani na poti ya seva ya nje, na konsoli ikaenda yenyewe. Pakiti hiyo haikubuniwa kwa hila; iliwekwa na wenye mchezo ili seva kubwa ziweze kuwahamisha wachezaji kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili, kwa kuwa simu yaweza kuzimwa na mchezo ukaendelea, ingawa gharama yake ni kwamba programu hulazimika kuijua itifaki kwa undani, na kila itifaki ibadilikapo huchakaa mpaka irekebishwe.

Ustadi huu si mpya. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, iliweza kuunganishwa na nyingine kwa waya ndani ya nyumba moja, na kabla huduma ya Xbox Live haijafunguliwa Novemba 2002 walikuwapo waliokwisha kuzipitisha pakiti za muunganisho huo katika intaneti kwa msaada wa kompyuta, na baadaye programu ya XLink Kai ikaieneza kazi hiyo hata kwa konsoli ya mkononi ya PSP. Katika Xbox 360 Microsoft iliweka kikomo cha milisekunde 30 kwa muunganisho wa namna hiyo, na kwa kikomo hicho jirani wa mbali akajulikana kwa kuchelewa kwake.

Programu hizi zikishindwa, aghalabu kosa li katika mtandao. Wi-Fi za hoteli na mabweni mara nyingi huvitenga vifaa visisikilizane, hivyo mbiu haifiki. Simu za Android huweza kuzipuuza pakiti za mbiu ili kuhifadhi betri. Na iPhone, tangu iOS 14, hudai idhini ya mwenyewe kabla programu haijaugusa mtandao wa nyumbani.

Ipo pia njia isiyohitaji simu, ambayo BedrockConnect ni mfano wake mashuhuri. Mchezaji hubadili katika konsoli anwani ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na jina la seva iliyoteuliwa likiulizwa, jibu huielekeza konsoli kwa seva nyingine inayomwonyesha orodha aichague aitakayo. Hila hii huwezekana kwa sababu mchezaji hujitambulisha kwa seva kwa hati zenye saini, ilhali seva haidaiwi kuthibitisha kwamba ndiyo yenye jina lile. Ni njia nyepesi, lakini amana yake ni nzito zaidi: mwenye DNS hiyo huyaona majina yote ambayo konsoli huyauliza, ya mchezo huu na ya kila huduma nyingine, hata siku ambazo Minecraft haikufunguliwa, mpaka anwani ya zamani irejeshwe.