Moto wa Pumba

Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga za Ubaruku, kule Usangu, pumba hurundikana mpaka zinakuwa vilima. Kila kilo 100 za mpunga huacha kilo 20 hivi za pumba, na hata mifugo haipati lishe ya maana humo, kwa kuwa zimejaa silika, ndugu wa mchanga. Silika hiyo haikuletwa na upepo. Mpunga wenyewe uliinywa ikiwa imeyeyuka katika maji ya majaruba ya Usangu, ukaipandisha kwenye shina na kuigandisha katika ganda la punje.

Wachoma tofali wanaotumia pumba badala ya kuni wanaijua tabia ya moto wake. Hauruki, hujichimbia ndani ya lundo na kufuka usiku kucha. Fundi huacha njia za hewa, lakini si pana, na husoma moshi. Tanuri likipoa, majivu yana rangi yake kila mahali: meusi pale hewa ilipokosekana, meupe pale iliposhiba. Wengi huyafagia na kuyatupa. Mimi ninayaheshimu, maana hizo rangi mbili ni vitu viwili.

Cheusi ni kaboni iliyojishika kwenye silika. Cheupe ni silika yenyewe, mara nyingi zaidi ya asilimia 85. Vyote vimejaa vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, vingine chini ya nanomita 2. Moto ukivuka nyuzi 700 kwa muda mrefu, silika huanza kujipanga kuwa fuwele na vitundu hufungana. Kwa hiyo ufundi wote uko katika kuuzuia moto, na hapo ndipo mchoma tofali na mwanakemia wanapokutana bila kujuana.

Vitundu hivyo hupimwaje? Mwaka 1938 wanasayansi Brunauer, Emmett na Teller walionyesha njia ya kukokotoa eneo la uso wa kitu kutokana na gesi inayojitandaza juu yake. Siku hizi huwa ni naitrojeni, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Gramu moja ya mkaa ulioamilishwa vizuri yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000, yaani robo ekari, ikabebwa kwenye kijiko. Mkaa wa pumba haufiki huko ukiachwa kama ulivyo. Silika imekalia nafasi. Ukichemshwa katika kostiki soda, silika hutoka na vyumba hufunguka.

Hata hivyo, nina shaka na watu wanaosifia eneo tu. Kitundu hakimpokei kila apitaye. Katika maji ya kawaida uso wa silika huwa na chaji hasi. Hivyo huvuta madini yenye chaji chanya, kama risasi iliyoyeyuka, na kuisukuma mbali floraidi, ambayo nayo ni hasi. Ndiyo maana kule Arumeru, ambako floraidi ya maji ya visima na mito huharibu meno na mifupa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilishughulika na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa ni kalisi na fosfeti, na ndani yake mna haidroksili, inayokaribiana na floraidi kwa ukubwa na chaji. Floraidi huitoa na kukaa mahali pake. Uso wa mfupa ni mdogo sana kuliko ule wa mkaa ulioamilishwa, lakini kwa kazi hii unaushinda.

Na mfupa nao una moto wake. Ukichomwa kidogo, mafuta yaliyobaki huyatia maji harufu na rangi. Ukizidishiwa moto mpaka ukawa mweupe, hupoteza nguvu ya kunasa. Nadhani mchomaji wa Ubaruku akipelekwa kwenye tanuri la mifupa, ataelewana nalo upesi; kitakachomsumbua ni uvundo.