Breki Bora Kuliko Zote Zilikuwa Zimefungwa Juu ya Tela

Klipu mmeiona, kwa hiyo siisimulii yote. Hilux ya milango minne, tela la ekseli moja, Impreza ya buluu imekaa juu yake, moshi unafuka kwenye magurudumu ya mbele ya Hilux kabla ya kufika Ibanda, na vijana wawili wanamimina maji ya chupa kwenye diski. Wengi mmeyashupalia yale maji. Sawa, lilikuwa kosa: diski iliyoiva ikimwagiwa maji baridi hupinda, na ikiwa na bahati mbaya hupasuka. Lakini hilo ni kosa la watu waliokwisha kubanwa. Kosa lenyewe lilifanyika kama kilomita 40 nyuma, Tukuyu mjini, watu wametulia, injini imezimwa, chai imeshaagizwa.

Timu siitaji. Dereva alishuka kwa gia ya chini tangu juu, na mikanda ya kufungia gari ilikazwa vizuri. Hayo wapewe.

Sasa turudi Tukuyu. Waliokuwepo wanasema harufu ya breki ilianza kusikika pale pale stendi. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyewaambia: "Baba, gari lenu linaungua huku mbele." Wakashuka. Mmoja akasogeza kiganja karibu na rimu, akakirudisha haraka. Wakanywa chai, wakasubiri ipoe, wakapiga hesabu, kisha wakaamua kuendelea vile vile walivyokuja: Hilux inavuta, Impreza imepanda.

Uamuzi huo ndio uliotuletea safu hii. Ile Impreza ilikuwa nzima. Ilikuwa na namba za usajili, ina bima, ina mafuta, na ilipanda juu ya tela kwa injini yake yenyewe. Gari la rali si gari la uwanjani lisiloruhusiwa kukanyaga lami ya serikali. Kati ya hatua moja na nyingine linapita barabara ya kawaida, linasimama kwenye taa, linamkuta trafiki na linatii. Kwenye msafara ule mzima, gari pekee lililokuwa na diski kubwa zenye matundu ya hewa magurudumu yote manne, na pedi zilizotengenezwa zistahimili joto, ni hilo lililofungwa mikanda na kubebwa kama mgonjwa. Kulishusha, kumpa usukani dereva wa pili, akatangulia taratibu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, kwenye tambarare, kisha wakalipandisha tena kabla ya geti la forodha, ni kazi ya nusu saa. Hilux ingeshuka na tela tupu la kilo 500, na tusingekuwa na klipu ya kujadili.

Nimeambiwa sababu. Hawakutaka kuongeza kilomita kwenye injini wala kuchafua tairi. Yaani tairi zisichafuke, halafu gari, tela, Hilux na watu wake waende kwa kudra.

Wasiopenda hesabu waruke aya hii. Kutoka Tukuyu hadi uwanda wa Kyela barabara inashuka takriban meta 1,000. Impreza ya kundi N ina kama kilo 1,400. Weka tela, tairi za akiba na jeki, unafika kilo 2,000. Kuushusha mzigo huo meta 1,000 bila kuuacha uongeze mwendo kunazalisha nishati ya megajuli 20 hivi, joto la kutosha kuchemsha lita 60 za maji. Hilux nayo ina uzito kama huo, kwa hiyo ongeza lita 60 nyingine. Injini inameza sehemu ukishusha gia, na upepo unachukua kidogo. Kilichobaki chote kinaingia kwenye diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma za Hilux, kwa sababu tela lile halikuwa na breki. Hata moja. Nimeiangalia klipu kwa kuisimamisha kila mara: nyuma ya rimu za tela hakuna ngoma, hakuna kebo, hakuna waya, kuna kichwa cha ekseli na grisi tu. Na mkono wa tela ukiikandamiza ndoano, mbele ya Hilux panakuwa pepesi, diski zinazofanya kazi kubwa zikiwa huko huko mbele.

Toyota hawakuficha. Kwenye vitabu vya Hilux vya Ulaya na Australia, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani unataja kilo hizo hizo 750: juu ya hapo tela liwe na breki zake. Namba hiyo ndiyo inayoshikwa katika nchi nyingi duniani, na haikuokotwa. Hapa kwetu mtu anavuta kilo 2,000 na akisimamishwa anaonyesha kadi ya tela.

Halafu tairi. Picha ya karibu aliyoipiga kijana mmoja wa bodaboda pale Ibanda inaonyesha ubavu wa tairi la tela: 195/65 R15, na pembeni yake 91. Hiyo 91 ndiyo iliyopaswa kusomwa kabla ya kitu kingine chochote. Maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Mawili ni 1,230. Hata ukiihesabia ndoano ya Hilux kilo 150, unabeba kilo 1,380 kihalali, na wao walikuwa na 2,000. Hizo ni tairi za kubebea familia kwenda harusini, zimezidishiwa zaidi ya kilo 600 kwenye joto la Kyela. Wangefunga tairi za mizigo, zile 195 R14 zenye herufi C na index 106, kila moja inabeba kilo 950 na tatizo hili lingeisha dukani. Kwa nini hawakufunga? Kwa sababu rimu za inchi 15 zilikuwepo gereji bure.

Ekseli moja ina ubaya wake mwingine ambao watu wa Mbeya wanaujua kwa kuumia: mizani yake ni ya kubahatisha. Kutoka ndoano hadi ekseli ya tela lile ni kama meta tatu na nusu. Isogeze Impreza mbele sentimita 20 tu, umeongeza kilo 80 kwenye ndoano. Irudishe nyuma sentimita 20, umeziondoa, na tela lenye pua nyepesi huanza kutikisa mkia likifika kilomita 70 kwa saa. Na Subaru injini yake imelala mbele kabisa, mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo huwezi kukisia kwa jicho katikati ya gari ukasema hapa panatosha. Ekseli mbili zinasamehe makosa hayo. Ekseli moja haisamehe.

Na kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye magrupu. Dakika ya kwanza ya klipu, fundi anavuta breki ya mkono ya Impreza kisha anafunga mlango kwa kujiamini. Breki ya mkono ya gari la rali ni ya mafuta. Imewekwa kwa ajili ya kugeuza kona, si ya kuegeshea. Ukiiachia mkono inaachia. Gari lile lilishuka mlima likishikwa na mikanda na gia peke yake, bila kabari hata moja kwenye magurudumu. Ukifunga breki kwa nguvu, mzigo wa kilo 1,400 unataka kwenda mbele kwa nguvu kubwa. Mikanda iliishika, nimeshasema ilikazwa vizuri.

Mtaniambia mizani ya TANROADS ilikuwa wapi. Hapa ndipo ninapochoka na watu wetu, na nimeliandika hili mpaka mhariri ananionea huruma. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016 ianze kutumika Tanzania, Machi 2019, kila mtu mwenye tela amekuwa mtaalamu wa mizani. Anajua ekseli ya tairi nne ni tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, jumla mwisho tani 56. Gari la rali na tela lake haviwezi kuvuka namba hizo hata ukijaza tela saruji. Mizani inalinda lami. Haijawahi kumuuliza mtu kama anaweza kusimama. Mwanzoni mwa Julai 2018, pale Mbalizi, lori lilipokosa breki likazisomba daladala, mkoa mzima ulizungumza breki kwa wiki mbili. Baada ya hapo tukarudi kuzungumzia mizani.

Wakaguzi wa mashindano nao wasijifiche. Siku ya ukaguzi wanapima helmeti, wanapima keji, wanasoma tarehe ya mikanda ya kiti kwa tochi, ikipita mwezi mmoja unarudishwa. Gari likitoka pale linapandishwa juu ya chuma kilichochomelewa uchochoroni na hakuna anayeinama kukitazama. Nilipowahi kulisema hilo mbele ya kamati moja niliulizwa kama nataka kuua mchezo. 

Wazee wetu hawakuwa hivi. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mashindano ya Safari Rally 1966, akarudia 1967, na Chris Rothwell pembeni yake, kwa Peugeot 404. Gari la mwalimu mkuu! Kulikuwa na magari yenye mbio kuliko lile, akayaacha, akachagua litakalofika. Joginder Singh 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika Safari ya mwaka uliotangulia. Alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na fundi anajua kipi kitaanza kukatika. Kina Shankland wangepewa pale Tukuyu chaguo la kushusha gari au kuunguza breki, sidhani kama chai ingepoa kabla ya jibu. Magari yao yalimaliza maelfu ya kilomita za Kenya, Uganda na Tanzania kwa magurudumu yao yenyewe, na hakuna aliyelalamikia tairi kuchafuka.

Basi tela halali la kushukia Kasumulu ni lipi? Kwa anayevuta kwa pikapu: ekseli mbili, tairi za C, na breki kwenye ekseli zote mbili. Ile ya kusukumwa, ambayo mkono wa tela unajibana tela linapoisukuma pikapu na kukaza breki zake lenyewe, inatosha kwa safari nyingi, ila kwenye mteremko mrefu kama huu inakaza muda wote na nayo huiva, kwa hiyo lazima usimame kuipoza. Ya umeme, yenye kidhibiti ndani ya pikapu, ni bora zaidi kwa sababu dereva ndiye anayeamua. Na mnyororo wa usalama uwepo, maana ndoano huchomoka.

Mimi lakini ningechukua Fuso ya bodi bapa. Najua haipendezi kwenye picha na haina pa kubandika majina ya wadhamini pakaonekana. Ina breki za kubeba tani kadhaa, ina breki ya ekzosi ya kuishika injini mteremkoni, haina mkono wa kujikunja ikirudi nyuma pale foleni ya malori Kasumulu, na kilo 1,400 kwake ni kama hajabeba. Magari mengi ya rali ya nchi hii yamesafirishwa hivyo miaka yote na hayajatengeneza klipu.

Makaratasi yao yalikuwa safi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tela lilikuwa na namba yake na namba ya chasi iliyogongwa kwenye mkono, kadi ya njano ya COMESA ilikuwepo, gari na tela vimeandikwa kila kimoja peke yake. Forodha waligonga mihuri, Hilux ikavuka Mto Songwe breki bado zinanuka.

Nasikia wako upande wa Karonga, na wanataka kurudi na tela lile lile. Kupanda hadi Tukuyu hakutawasumbua, injini ndiyo itakayolia. Wakishapita Isyonje barabara inashuka tena hadi Igawilo na Uyole, na huko chini kuna shule, soko na daladala. Kiwira ipo kabla ya hapo, kuna mahali pana pa kuegesha, na funguo za Impreza wanazo.