Kijitabu cha Gemu na Karatasi ya Ilula

Wahakiki wa gemu za video huko Ulaya na Marekani wanaomboleza kijitabu. Zamani ukinunua gemu, ndani ya boksi ulikuta kijitabu cha maelezo: kazi za vitufe, wahusika, pengine hadithi nzima inayoutangulia mchezo. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ilitangaza kuacha kuvichapa. Hoja ya waombolezaji ni kwamba kijitabu kilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Nakubali, ila inatusahau sisi ambao hakikutufikia hata siku moja.

Grand Theft Auto: San Andreas (2004) niliijua kwenye kibanda cha gemu pale Ilula, wilayani Kilolo, nyuma ya matenga ya nyanya yanayosubiri malori. Diski ilikuwa ya kunakili, imetiwa kwenye nailoni. Badala ya kijitabu palikuwa na karatasi ya daftari iliyochanika mikunjoni, imejaa kodi (si zile za TRA, bwana) kwa kalamu ya bluu.

Tazama moja: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Unapata dola 250,000 na afya inarudi. Mibonyezo minne ya mwanzo ni migumu kuishika. Minane ya mwisho ni takriri tupu, kidole gumba kinazunguka mara mbili. Ndiyo maana karatasi ilisomwa kidogo sana, kodi iliimbwa. Takriri ilibeba kumbukumbu kama inavyoibeba katika wimbo wa kulimia.

Mulokozi (1996) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Kibandani vyote vilikuwepo. Mwenye pedi alikuwa fanani, na benchi zima likimsahihisha: "Siyo juu, we! Kushoto!"

Na hadithi je? Kiingereza cha mitaani cha Marekani kilitupita. Tulichoona ni mtu aliyerudi kutoka mji wa mbali kwa ajili ya msiba wa mama yake, kaka yake akamgombeza makaburini kwa kuwakimbia. Kwa hilo Kilolo haihitaji maelezo. Karibu kila msiba una mtu wa namna hiyo, kashuka kwenye basi la Dar jana usiku.

Lakini nisipambe mambo. Karatasi ilikuwa na mwenyewe, na kuitazama ililipiwa. Tena nimesema "niliijua", sikusema "niliicheza": msichana hakukaa kwenye lile benchi. Nilisimama dirishani na ndoo yangu, na kodi ile niliipata kwa masikio, ingawa pedi sikuwahi kuishika. Kijitabu kingefungiwa ndani pamoja na diski. Sauti haikufungika.

Siku hizi mdogo wangu, naye msichana, anacheza kwenye simu. Kidole cha kuchorwa kinatokea kiooni na kumwonyesha pa kubonyeza. Hakimfukuzi, na hilo ni jambo kubwa. Likizo iliyopita nilikaa karibu naye saa nzima, kaziba masikio kwa visikilizio, na sikutoka na chochote cha kukariri.