Mkono na Jicho: Usinema na Uchezaji katika The Last of Us na Shadow of the Colossus

Mjadala kuhusu michezo ya video umekuwa ukilirejea swali moja kwa sura mbalimbali: je, mchezo wa video unapaswa kuwa tajiriba ya kisinema, yenye wahusika, majonzi na kamera inayojua pa kutazama, au unatosha kuwa mchezo tu, wa kumfurahisha anayeucheza? Wanaotetea furaha wana shahidi mzito. Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, hauna mhusika wala kisa. Una maumbo saba yanayoanguka, na umedumu kuliko michezo mingi yenye visa. Bao la kete nalo, kwa mashimo yake 32 na kete 64, halijawahi kudaiwa hadithi na aliyeketi barazani kulicheza. Wanaotetea usinema hujibu kwamba furaha peke yake haiwezi kubeba msiba, hatia au mapenzi, na kwamba sanaa isiyoweza kuyabeba hayo hubaki utotoni.

Uhakiki huu unashikilia kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Usinema si kasoro, wala furaha si kipimo kinachojitosheleza. Linalopaswa kuulizwa ni hili: katika tukio linalobeba maana ya kazi nzima, mkono wa mchezaji unafanya nini?

Tamaa ya kuiga sinema ni kongwe. Dragon's Lair wa mwaka 1983, uliochorwa na Don Bluth na wenzake na kuhifadhiwa katika diski ya leza, ulikuwa na picha ambazo mashine nyingine za wakati huo hazikuweza kuzikaribia. Hata hivyo, kazi ya mchezaji ilikuwa kusukuma wenzo upande ufaao au kubonyeza kitufe cha upanga kwa wakati. Akikosea, shujaa hufa na kisa hukatika. Kwa hakika hakuwa akicheza filamu ile, bali alikuwa akiiombea ruhusa ya kuendelea. Metal Gear Solid 4 (2008), wa Hideo Kojima, una tatizo la namna nyingine. Uchezaji wake ni wa kiwango cha juu, lakini mambo mazito yamehamishiwa katika vipande vya sinema, na vile vya mwisho hupita saa nzima. Wapo waliovipenda, na kwa haki. Lakini anayeweka chini kidhibiti chake na kuegemea kiti amekwisha kuwa mtazamaji, na uzuri wa kinachotazamwa hauwezi kubadili hali hiyo.

Espen Aarseth, katika Cybertext (1997), alitofautisha matini ambazo msomaji huzipitia tu na zile zinazomtaka afanye kazi ili ziendelee. Tofauti hiyo si ngeni kwa mtafiti wa fasihi simulizi. Fanani hutoa mwito, na hadhira isipoitika utambaji hukwama. Jambo muhimu, ambalo mjadala wa michezo ya video huelekea kulisahau, ni kwamba hadhira hiyo haichagui kiitikio. Hupewa, nayo hukiimba. Ushiriki, basi, si lazima uwe uchaguzi. Mtu anaweza kushirikishwa katika jambo ambalo hakulipanga na hawezi kulibadili, na bado sauti iliyosikika ikawa yake.

Hapa ndipo The Last of Us, uliotolewa na Naughty Dog mwaka 2013, unapostahili kusomwa kwa makini. Kwa sura ya nje ni mchezo wa kisinema mno: Joel, aliyefiwa na bintiye, anamsindikiza Ellie, kijana mwenye kinga dhidi ya ukungu ulioangamiza watu, wakivuka Marekani iliyobomoka. Kwa muda mrefu mchezaji hujifunza kunyemelea, kulenga na kuhesabu risasi chache alizonazo. Ujuzi huo unafurahisha. Kumshinda adui kwa risasi ya mwisho ni raha ile ile ya mchezo wowote mgumu, na hakuna haja ya kuionea haya.

Kisha hufika hospitali ya Salt Lake City. Madaktari wanataka kumpasua Ellie ili kutafuta tiba, naye hatapona upasuaji huo. Joel anapovunja mlango wa chumba, daktari amesimama mbele yake na kisu kidogo mkononi, na hakuna kipande cha sinema kinachokuja kumwokoa mchezaji. Kamera inasubiri. Akisimama tu, kisa hakisongi; ni lazima mchezaji mwenyewe amuue mtu yule. Wasaidizi wawili waliomo chumbani si lazima wafe, na yeyote anayewaua huwa amezidisha kwa hiari yake. Waliolalamika kwamba mchezo uliwanyima uchaguzi walisema kweli, ila hawakuona kwamba kunyimwa huko ndiko kunakoumiza. Ni kiitikio kichungu, na mikono ile ile iliyofurahia kulenga ndiyo inayotakiwa kukiimba. Bila furaha ya saa zilizotangulia, uchungu huo usingekuwa na mahali pa kushika.

Tamthilia ya televisheni ya HBO, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2023, imetoa fursa adimu ya kulinganisha, kwa kuwa Neil Druckmann, mwandishi wa mchezo, alishiriki kuiandaa pamoja na Craig Mazin. Tukio la hospitali limo, nalo limeigizwa vizuri. Mtazamaji anashtuka na kumhukumu Joel. Mchezaji hakuwa na nafasi safi kiasi hicho ya kuhukumu.

Shadow of the Colossus (2005), ulioongozwa na Fumito Ueda, unafika mbali zaidi kwa maneno machache sana. Wander analeta mwili wa msichana katika nchi iliyokatazwa na kuagizwa kuyaua majitu 16 ili afufuliwe. Mchezaji hukwea manyoya yao akiwa ameshikilia kitufe, na nguvu za mshiko hupungua jitu linapojitikisa. Kidole kinachobana kitufe na mkono wa Wander unaobana manyoya vinafanya kazi moja. Jitu linapoanguka, hakuna shangwe. Muziki ni wa maombolezo, na mchezaji aliyekuwa akishangilia sekunde chache kabla hujikuta na ushindi asioujua pa kuuweka. Mwishoni, upepo unapomvuta Wander kuelekea kwenye dimbwi, mchezo unarudisha uwezo wa kumwendesha. Mchezaji anaweza kukimbia, kujishikiza na kupinga. Hawezi kushinda, kwani hakuna ustadi unaomwokoa Wander. Mwongozaji wa sinema angeweza kuonyesha kuanguka huko kwa sekunde 20 na kukafahamika. Ueda amekiachia kidole kigome kuachia kitufe, na kugoma huko hakuwezi kuonyeshwa kwa kamera.

Kwa kipimo hicho, hata The Last of Us hausalimiki katika dakika zake za mwisho. Baada ya hospitali, mchezaji anapewa Ellie amwendeshe, akipita msituni nyuma ya Joel. Ni uamuzi mzuri sana: aliyekuwa mtendaji anahamishiwa katika mwili wa anayedanganywa, huku akiujua ukweli ambao Ellie haujui. Lakini Ellie anapomtaka Joel aape, kidhibiti hufa mkononi, na uongo husemwa ndani ya kipande cha sinema. Huenda waandishi waliona kwamba nyuso mbili zilitosha, na kwa kweli nyuso hizo zimechorwa kwa ufundi mkubwa. Hata hivyo, mchezo uliokuwa umemlazimisha mchezaji amuue daktari kwa kidole chake haukumtaka atamke kiapo cha uongo.