Kilicho Nyuma ya Sura

Anayefungua albamu ya harusi hutafuta nyuso kwanza: bi harusi, mama yake, shangazi aliyetoka Mahagi. Kilicho nyuma ya nyuso hizo hakiulizwi, ingawa ndicho kinachoupa ukurasa uhai au kuunyima. Fundi wa Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, anayepanga picha kwenye kompyuta hawezi kukipuuza. Kabla ya kuweka picha hata moja, lazima aamue italala juu ya rangi gani, juu ya mchoro gani. Uamuzi huo ni ufundi kamili, na una ukoo mrefu.

Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kila baada ya miaka michache alilibadilisha, na uzeeni aliweza kukadiria umri wa picha kwa kutazama pazia tu. Huko Likoni, Mombasa, wapiga picha wa karibu na kivuko walipamba vibanda vyao kwa meli, ndege na maghorofa yaliyochorwa. Msafiri alisimama mbele ya michoro hiyo, akaituma picha nyumbani ikaeleza alikofika, au alikotamani kufika.

Leo pazia limeingia ndani ya kompyuta. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka: kila kitu hukaa kwenye karatasi yake isiyoonekana, hivyo mandharinyuma hubadilishwa bila kugusa sura ya mtu. Programu ya GIMP hufanya kazi hiyo bila malipo.

Urahisi huu umeleta uvivu. Mandharinyuma yaliyo tayari yamejaa kila mahali: waridi, mnara wa Paris, ufuo wenye minazi. Harusi ya Bunia ikiwekwa juu yake, wajukuu hawatajua ilifanyika wapi.

Ilhali Ituri ina hazina yake. Katika misitu ya Mambasa, Wambuti hutengeneza vitambaa vya gome la mti. Wanaume hulipondaponda gome la ndani hadi lilainike. Wanawake hulichora kwa maji ya tunda yaliyochanganywa na mkaa. Mistari hukatika ghafla, nukta hukusanyika upande mmoja, na sehemu kubwa huachwa wazi. Uwazi huo ndio anaouhitaji mpanga kurasa: mahali pa picha kupumua. Anayeutumia mchoro wa namna hiyo aombe ruhusa kwa mchoraji, na aandike chini ya ukurasa mchoro umetoka kwa nani.

Kitenge nacho kinafaa, kikipigwa picha vizuri. Kitandazwe kivulini, bila mkunjo. Simu ishikwe sambamba nacho, taa yake ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta, fundi hupunguza ukali wa rangi hadi kitenge kirudi nyuma na nyuso zitangulie. Rangi ya fremu huichota ndani ya picha yenyewe, kwenye kilemba cha mama au tai ya bwana harusi, na ukurasa mzima ukapatana. Kivuli chembamba chini ya picha huiinua kidogo.

Vipimo navyo havina huruma. Ukurasa wa inchi 12 kwa 12, ukichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, hudai nukta 3,600 kila upande. Picha ndogo iliyopokelewa kwa WhatsApp ikivutwa kufikia hapo, itatoka na ukungu.

Katika mji ambao familia nyingi zimewahi kukimbia vita, albamu si pambo tu; ni kumbukumbu ya mahali. Basi wewe unayeandaa ya kwenu, kabla ya kupakua waridi la mtu usiyemjua, piga picha kitenge cha mama, ukuta wa nyumba mlimozaliwa, mkeka wa sebuleni. Hifadhi nakala mahali pawili, andika mwaka na mtaa, kisha anza kupanga nyuso.