Matundu Kulingana Hakutoshi: Rimu za Alumini kwa Corolla ya Zamani

Corolla AE110 ninayoizungumzia hapa ilitoka Japani ikiwa na rimu za chuma za inchi 13 na tairi za 175/70R13. Leo inatembea Dar es Salaam na rimu za alumini za inchi 14, na hakuna kinachogusana: usukani ukikatwa hadi mwisho, gari likijaa watu watano na mizigo kwenye buti, au likipanda tuta kwa pembe. Wengi huona kazi hii ni ya kuchagua dizaini na kulipa. Matokeo yake tunayaona kwenye foleni kila siku: Corolla, Starlet na Vitz zenye tairi zilizolika upande mmoja, madigadi yaliyokatwa kwa grainda ili tairi ipate pa kupita, na usukani unaotetemeka gari likikaribia kilomita 80 kwa saa. Ukiuliza chanzo, mara nyingi utarudishwa kwenye siku ambayo muuzaji alisema matundu yanalingana, basi inaingia.

Mwenye gari alianza kwa kutaka inchi 17. Nilimwomba tuanze na tairi, rimu ifuate, kwa kuwa spidomita, gia na nafasi ndani ya madigadi vilipangwa kiwandani kwa kipenyo cha tairi nzima. Namba za 175/70R13 zinasomeka hivi: upana milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 122.5, na rimu ni inchi 13, sawa na milimita 330.2. Jumlisha rimu na mbavu mbili, unapata milimita 575. Hiyo ndiyo namba ya kuilinda.

Sasa chukua 205/45R17, saizi inayopatikana kwa urahisi kwa rimu za 17. Kipenyo chake ni milimita 616, zaidi ya asilimia 7 juu ya ile ya awali. Spidomita ikisema 100, gari liko kwenye 107. Tairi imepanda sentimita mbili kuelekea madigadi, na injini ndogo ya 1.5 inalazimika kuzungusha gurudumu kubwa na zito zaidi kwa gia zilezile. Ukikimbilia ubavu mfupi zaidi, 205/40R17, unabaki na milimita 82 tu za mpira kati ya rimu na shimo la barabarani, na bado kipenyo kimezidi. Tuliiacha 17 hapohapo, kwenye karatasi, kabla ya shilingi kutoka mfukoni.

Inchi 15 ni hoja yenye nguvu zaidi. Tairi ya 195/50R15 ina kipenyo cha milimita 576, tofauti isiyofika hata milimita moja. Ndiyo maana wenye Corolla na Starlet wengi duniani wameishia hapo, na kwa mtu anayetembea lami nzuri muda wote sina ugomvi naye. Lakini ubavu wake ni milimita 97.5, umepoteza milimita 25 za mpira. Inchi 14 yenye 185/60R14 ina kipenyo cha 578 na ubavu wa 111. Tairi hizo zote tatu, ile ya kiwandani na hizi mbili, hupatikana zikiwa na namba ya uzito 82, maana yake kila moja inabeba kilo 475. Kwa gari la familia linaloshuka kwenye lami na kuingia mtaani kila jioni, msimamo wangu ni inchi 14. Nimeusema kwa wengi, na bado sijaona sababu ya kuubadilisha.

Hapo ndipo safari ya kwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta rimu, ilipoanza kuwa na maana. Corolla za kuvuta mbele kuanzia AE90 hadi AE110 zina bolti nne kwenye duara la milimita 100, ambalo wauzaji huliandika 4x100. Duara hilohilo linatumiwa na Starlet, Vitz, Honda Civic za miaka ya 1990, Nissan March, Mazda Demio, Suzuki Swift, Volkswagen Golf za kizazi cha kwanza na cha pili, hata BMW E30. Rimu za mtumba zinazoshushwa kutoka Japani na Dubai kwa hiyo ni nyingi, na bei ina nafasi ya kupunguzwa. Angalia tu usichanganywe na Corolla za zamani zaidi za kuvuta nyuma kama KE70. Hizo ni 4x114.3, na rimu zake hazihusiani na gari hili.

Rimu nyingi za Kijapani zimeandikwa nyuma ya mikono yake au ndani: 14x6JJ, 4-100, 38, yaani kipenyo na upana kwa inchi, idadi ya matundu na duara lake, kisha ofseti, ambayo nitaieleza mbele. Isiyoandikwa unaipima kwa futi. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake. Kwa rimu ya matundu manne, ukipata milimita 70.7 hiyo ni 4x100, ukipata 76.4 ni 4x108, ya Peugeot na Ford nyingi za zamani, ukipata 80.8 ni 4x114.3. Seti ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ya 4x108, nzuri kwa macho, na fundi aliyekuwa karibu alijitolea kupanua matundu. Kataa. Tofauti ya milimita 4 kila upande inaondoa kiti cha nati, na kiti hicho ndicho kinachoishika rimu isichezecheze.

Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Rimu ya Fiat ya 4x98 itapanda kwenye bolti za 4x100 kwa sababu imepishana milimita moja tu. Rimu za Mercedes za 5x112 hupandishwa kwenye Toyota kubwa za 5x114.3 kwa njia hiyo hiyo, nati zikilazimishwa. Gurudumu linakaa, gari linaondoka, lakini kila nati inavuta bolti yake upande mmoja kila gurudumu linapozunguka. Chuma kinachopindishwa mamia ya mara kwa kila kilomita hukatika, na hukatika gari likiwa kwenye mwendo.

Seti ya pili ilikuwa 4x100 kweli. Ndiyo iliyotufundisha mengi, kwa sababu kosa lake halikuonekana kwenye matundu. Ilikuwa pana, 7J, yenye ofseti ya 25. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu. Ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani ya gari; ikipungua, linachomoza nje. Rimu ya chuma tuliyoivua ilikuwa 5J yenye ofseti ya 45. Tairi yake ya 175 ilikuwa na milimita 132.5 kwa ndani ya uso wa habu na 42.5 kwa nje. Weka tairi ya 195 kwenye rimu ya ofseti 25: nje unapata 72.5. Gurudumu limechomoza sentimita tatu nzima. Gari likibeba abiria wa nyuma, ukingo wa madigadi unashukia juu ya tairi. Usukani unakuwa mzito na unavutwa na kila mfereji wa lami, beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyopangiwa, na tope linapaka milango. Muuzaji alisema tukunje ukingo wa madigadi kwa ndani. Kwa gari la mashindano, sawa. Kwa bodi ya chuma yenye umri huu, ukikunja ukingo unapasua rangi, na hewa ya bahari itamaliza kazi.

Seti iliyonunuliwa ilikuwa 6J yenye ofseti ya 38. Kwa tairi ya 185 hesabu inatoa milimita 130.5 kwa ndani, yaani gurudumu limesogea mbali na shokapu kwa milimita 2, na 54.5 kwa nje, limetoka kwa milimita 12. Kwenye AE110 upande wa ndani una uzito wake, kwa kuwa mbele na nyuma shokapu na springi vinasimama pamoja karibu kabisa na tairi. Kwa hiyo ofseti kati ya 38 na 45, kwa upana wa 5.5J au 6J, ndiyo eneo salama. Ikiwa rimu haina maandishi, pima upana wake wote kutoka mdomo hadi mdomo na ugawe kwa mbili. Kisha ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka mgongoni, pima kina kutoka ubao hadi uso wa habu. Toa ile nusu kwenye kina. Ukipata upana wa 178 na kina cha 127, nusu ni 89 na ofseti ni 38.

Tundu la katikati la Corolla ni milimita 54.1, na hapa Toyota ina bahati. Honda ni 56.1, Golf ni 57.1, kwa hiyo rimu zao hupita kwenye habu yetu. Rimu ya Toyota haipandi kwenye habu zao. Rimu za spoti hutobolewa kubwa zaidi, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili ziuzwe kwa magari mengi. Pengo hilo hujazwa kwa ringi inayokaa kati ya habu na rimu. Bila ringi, fundi asipokuwa makini gurudumu linafungwa likiwa limeegemea upande, na mtetemo wake hauondoki hata ukilibalansi mara ngapi. Ringi za alumini nazipenda kuliko za plastiki, maana zinakaa jirani na joto la breki.

Nati hupuuzwa kuliko vyote. Bolti za Toyota ni M12 zenye hatua ya milimita 1.5, Nissan, Suzuki na Subaru hutumia hatua ya 1.25, na nati zao zikilazimishwa kwa spana zinaharibu uzi. Mdomo wa nati nao lazima ulingane na kiti cha rimu. Rimu za chuma na nyingi za spoti zinataka koni ya nyuzi 60. Rimu za alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa, na zile za Honda zina kiti cha mviringo. Nati ya koni kwenye kiti bapa inagusa ukingo mwembamba tu. Itaonekana imekaza, kisha italegea njiani. Na kwa kuwa alumini ni nene kuliko chuma, hesabu mizunguko: kwa mkono, nati iingie angalau mizunguko minane kamili kabla ya kubana. Ikibana kwenye wa tano, bolti ni fupi kwa rimu hiyo.

Kuhusu hali ya rimu zenyewe, tafuta alama za JWL na VIA, za viwango na ukaguzi wa Japani, ingawa alama pekee hazitoshi kwa kuwa rimu bandia nazo huchorwa alama hizo. Mwambie muuzaji aizungushe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu na utazame midomo yote miwili. Kisha pitisha kidole ndani, upande usioonekana gari likiwa limesimama. Pale ndipo palipo na mistari ya kuchomelea iliyofunikwa kwa rangi ya fedha. Rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda. Ya alumini inaweza kupasuka, na alumini iliyopashwa moto wa kuchomelea haina tena nguvu ya kiwandani. Moja katika seti yetu ilikuwa na mstari wa namna hiyo. Ikabadilishwa kabla ya fedha kutolewa.

Siku ya kufunga, uso wa habu ulipigwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, kwa kuwa kutu ya miaka mingi huzuia rimu kukaa bapa. Nati zilikazwa kwa msalaba kwa spana ya kupimia, nyutoni-mita 103 kama Toyota wanavyoelekeza. Mtindo wa kukanyagia spana kwa mguu unavuta bolti hadi zinarefuka, na siku ya pancha utazikata. Baada ya hapo gari lilipakiwa, usukani ukakatwa kulia na kushoto hadi mwisho, likapandishwa kwenye tuta kwa pembe huku mtu akitazama madigadi ya nyuma. Halikugusa.

Ukiwa na Corolla, Starlet au Vitz ya umri huu, nenda dukani na futi, karatasi ya hesabu na nati moja ya gari lako. Muuzaji asiyekubali uigeuze rimu na kuipima, muache na bei yake. Na ukishafunga, kaza nati tena baada ya kilomita 100 za kwanza, hata kama zote zinaonekana zimekaza.