Gogo Lililolala Juu: Soneti ya Mizani Nane Kutoka Sekenke

Basi likitoka Shelui na kuanza kuupanda Mlima Sekenke, mara nyingi hujikuta nyuma ya lori lenye shehena nzito. Dereva wa lori huteremsha gia mpaka mwendo unakuwa wa mtu anayetembea, na foleni nzima hufuata kona kwa kona. Abiria hana la kufanya ila kutazama miti. Ndivyo nilivyoliona gogo: limelala matawini, kimo cha watu watatu kutoka ardhini, limening'inizwa kwa waya, ncha zake zimezibwa. Abiria wa kiti cha mbele, mgeni wa Singida kwa lafudhi yake, aliuliza kwa sauti nani aliyeupandisha mti juu ya mti.

Swali lake ndilo lililonipa soneti. Leo nataka kuifungua mishono yake hapa, kwa kuwa nimechoshwa na hoja kwamba soneti ni vazi la Ulaya lisilomkaa Mswahili. Humkaa vizuri sana, ila lazima lipimwe upya. Kipimo nilichokipata nimekitoa kwenye kitendawili.

Kwanza shairi lenyewe, lote:

Gogo limelala juu,
kitanda chake ni tawi;
limepanda bila guu,
na maji halimwagiwi.
Ubavu una nukuu,
alama haichezewi;
mlimani, kwenye nguu,
msafiri haambiwi.

Nimeshindwa. Twaa mji,
Sekenke yote ni yako:
mbuga na vyake vijiji,
kona na miteremko.
Gogo halikunijibu;
lilivuma taratibu.

Mtu wa Singida au Tabora ameshajibu kabla ya kufika mshororo wa tatu. Ni mzinga wa nyuki. Mfugaji huchukua gogo, akalipasua kwa urefu au kulitoboa, akaondoa moyo wake, akaziba ncha na kuacha tundu dogo la mlango. Wengi hupaka nta kidogo ndani ili kundi linalohama livutwe na harufu. Kisha mzinga hupandishwa juu, na kila sehemu ya kazi hiyo ina sababu. Moto wa nyika wa kiangazi hupita chini. Siafu hupata tabu kuufikia. Nyegere, mnyama asiyejali kuumwa, hupanda mti lakini hushindwa kutulia juu ya gogo linalobembea. Ubavuni wafugaji wengi huchonga alama ya mwenye mzinga: mikato miwili, msalaba, duara. Kisha mwenyewe huenda zake. Mzinga hubaki mtupu ukingoja wakaaji wake, pengine majuma, pengine miezi.

Huwa naiita kazi hii sanaa, na nina hoja. Katika bustani ya Karlsaue, mjini Kassel, Ujerumani, Mwitaliano Giuseppe Penone alisimamisha mti wa shaba wenye jiwe kubwa lililokaa kati ya matawi yake. Watu huenda kuutazama, wakajiuliza jiwe lilipandaje. Mtazamaji wa Kassel ameshaambiwa kwamba anachokiona ni sanaa. Bustani imemwambia. Pale Sekenke hakuna aliyekuambia kitu, na kwa sababu hiyo mshangao ni mkali zaidi: kitu kizito kiko mahali ambapo uzito haukai, kina alama usiyoweza kuisoma, na aliyekiweka hayupo.

Sasa tuingie karakana.

Soneti ina mishororo 14. Giacomo da Lentini, mwandishi wa hati katika baraza la Mfalme Frederick II huko Sicilia, karne ya 13, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Mishororo yake minane ya kwanza aliipanga kwa vina viwili vinavyopokezana, moja hiki, moja kile, mpaka mwisho. Waingereza walipoichukua walitawanya vina, kwa kuwa lugha yao ni maskini wa maneno yanayofanana mwishoni, na wakapendelea kufunga kwa mishororo miwili yenye kina kimoja. Soneti 154 za Shakespeare zilizochapwa mwaka 1609 kwa kawaida hufungwa hivyo.

Mtunzi wa Kiswahili hana umaskini huo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na kuendesha vina viwili kwa mishororo minane ni kazi ya asubuhi moja. Hapo ndipo pana mtego. Umbo lililobuniwa ili limtoe jasho mtunzi kwa vina linakuwa mteremko kwetu. Ukiandika soneti ya Kiswahili ukidhani ugumu uko kwenye vina, utatoka na kitu chenye mishororo 14 kisicho na sababu ya kuwa na 14. Ugumu lazima uhamie kwingine, nami niliuhamishia sehemu mbili: ufupi na geuko.

Ufupi kwanza. Rasimu yangu ya awali ilikuwa na mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kama alivyoweka sheria Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Ilijaa maneno ya kujaziliza: hakika, kwa yakini, ndugu zangu. Nikakata kila mshororo katikati, nikabakiwa na mizani nane, kipimo cha utenzi. Mizani nane mara 14 ni 112. Ubeti mmoja wa tarbia, yaani mishororo minne ya mizani 16, una 64. Kwa hiyo soneti nzima haifiki hata beti mbili za shairi la kawaida, na ndani yake lazima mtu aone, ashangae, ashindwe na asikie. Hakuna nafasi ya ndugu zangu.

Hesabu yenyewe ina mahali pa kujikwaa. "Kona na miteremko" inaonekana kuwa na saba, lakini m iliyo mbele ya k husimama peke yake: mi-te-re-m-ko, mizani mitano, na "kona na" mitatu. Ukiusoma mshororo huo kwa sauti, ulimi hukwama kidogo kwenye hiyo m kabla ya kushuka. Niliupenda mkwamo huo. Ndivyo magari yanavyofanya pale.

Vina nilivichukua kwa mpango wa Sicilia: u na wi, vikipokezana mara nne. Kina cha wi ndicho kilichonifundisha shairi linahusu nini. Nilianza na "tawi", jina la kitu. Nikatafuta wenzake, na Kiswahili kikanipa vitenzi: halimwagiwi, haichezewi, haambiwi. Vyote vitatu ni vya kutendewa, na vyote ni vya kukanusha. Mwanzoni niliona ni udhaifu, kwani kina kinachotokana na mnyambuliko wa kitenzi ni rahisi, na msomaji mwenye sikio hukidharau. Baadaye nikaona kauli hiyo inafanya kazi ambayo nisingeifanya kwa maneno. Mtu akisema "halimwagiwi", mtendaji hayupo kwenye sentensi. Hatujui nani hamwagi. Hatujui nani haambii. Na hilo ndilo fumbo la gogo: tendo lipo mbele ya macho, mtendaji ameondoka. Mwingereza angehitaji maneno kadhaa kusema hivyo, nasi tunacho kiambishi.

Kwenye kina cha u kuna mshororo ninaojivunia na mwingine unaonisumbua. "Ubavu una nukuu" ndio ninaojivunia. Nukuu ni neno la vitabu na ofisi, lenye asili ya Kiarabu, maneno yaliyotolewa mahali pengine na kuletwa hapa. Kulipeleka porini, ubavuni mwa gogo, kunaifanya alama ya mfugaji iwe maandishi kabla hatujaambiwa kwamba ni alama. Unaonisumbua ni "mlimani, kwenye nguu". Nguu ni kilele, na gogo nililoliona halikuwa kileleni, lilikuwa mteremkoni. Kina ndicho kilichonivuta huko. Nimeuacha kwa kuwa unamhusu msafiri: hata akifika juu kabisa, mahali ambapo mtu hutegemea kuona kila kitu, haambiwi. Mtunzi mwingine angeweza kuufuta, nami nisingebishana naye.

Sasa geuko, ambalo ndilo moyo wa soneti. Baada ya mshororo wa nane, soneti kwa kawaida hugeuza uso. Waitaliano na Waingereza mara nyingi hugeuza kwa "lakini", au kwa "hata hivyo", yaani hoja hukutana na hoja. Nilijaribu. Nikaandika "lakini" katika mshororo wa tisa, ikasomeka kama insha ya kidato. Mabishano ya hoja si mwendo wa asili wa fumbo letu. Mwendo wetu sote tunaujua tangu utotoni: kitendawili, tega, swali linatoka, watu wanabahatisha, wanashindwa, na aliyetega anasema nipeni mji. Anapewa Dodoma, anakataa. Anapewa Mwanza, anakubali, anautembelea kwa maneno, kisha anatoa jibu. Pale mji unapoombwa, uzito wa mchezo mzima huhama kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua. Asiyejua hana jibu, lakini ana miji ya kugawa.

Hilo ni geuko tayari, lililotengenezwa na wahenga, na nashangaa hatulitumii zaidi. Mishororo minane ya kwanza inatega. Wa tisa unashindwa: "Nimeshindwa. Twaa mji." Angalia pia kwamba mpaka hapo shairi zima limesemwa kwa nafsi ya tatu, na nafsi ya kwanza inaingia kwa mara ya kwanza na neno la kushindwa. "Chukua" lingezidisha mizani, "twaa" limetosha, na lina uzee wa kutosha kumheshimu anayepewa.

Kwa nini mji uwe Sekenke, mahali ambapo si mji? Hapo palikuwa na kishawishi kikubwa ambacho karibu kiniharibie kazi. Sekenke inajulikana kwa dhahabu. Wajerumani walichimba hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Rasimu ya pili ilikuwa na dhahabu iliyo chini ya ardhi na asali iliyo juu ya mti, rangi moja, thamani mbili. Rafiki zangu waliisifu. Niliitupa, kwa sababu ulinganisho huo ungeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kupita pale, na kwa sababu ulitaja asali. Neno asali likiingia, kitendawili kimekufa. Vivyo hivyo nyuki, vivyo hivyo mzinga. Hakuna hata moja kati ya matatu hayo katika mizani 112, na shairi halina kichwa kwa sababu hiyohiyo. Nilichotoa badala ya dhahabu ni vile abiria anavyoviona: mbuga ya Wembere iliyotandazwa chini, vijiji, kona.

Kuna watakaosema kwamba nimechanganya: mishororo minane ya Sicilia, miwili ya kufungia ya Waingereza, mizani ya utenzi, mchezo wa watoto. Mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani, yaliyopamba moto baada ya diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, yalituachia tabia ya kuuliza shairi liko kambi gani kabla ya kulisoma. Mimi nauliza kila kiungo kinabeba nini. Hapa mishororo miwili ya mwisho inabeba jambo ambalo mchezo wa kitendawili hauna: mji umetolewa, na jibu halikuja. Kina kinabadilika, vinakutana viwili vya bu, mlango unafungwa, na kilichobaki nje ni sauti.

Mshororo wa mwisho ulinichukua muda kuliko mingine yote. Ulikuwa hivi: "likavuma kwa ghadhabu". Mizani nane, kina sahihi, na nguvu ya kutosha, nilidhani. Nilirudi Sekenke asubuhi moja, nikasimama chini ya mti pamoja na mzee mwenye mizinga kadhaa upande ule wa mlima, nikamsomea yote. Alisikiliza akitazama juu. "Sasa, mwanangu," aliniuliza, "hao wenye ghadhabu, wewe ulisimama wapi kuwasikiliza?" Nikamwonyesha, pale pale tulipokuwa. Akatikisa kichwa. "Wangekuwa na ghadhabu ungekuwa umeshafika Shelui kwa mbio."

Nikafuta ghadhabu, nikaweka taratibu. Nikafuta na ile -ka- ya "likavuma", kwa sababu ilisema kwamba gogo lilianza kuvuma baada ya mimi kuuliza, na nyuki walikuwa wakivuma kabla sijafika.